Mama Maswali na Pasi ya Mkaa

Nikianza kumsifia wifi yangu, wenzangu kazini huanza kuutafuta mlango. "Haya, kaanza tena," wanasema. Na waseme! Mimi ndiye ninayekaa dirisha la tiketi la makumbusho yetu, hakuna anayeingia wala kutoka bila kupita mbele ya macho yangu, kwa hiyo ninachosimulia nimekiona, sikuhadithiwa. Anayetaka kubisha aje tubishane, mimi nipo.

Wifi yangu ni mke wa kaka yangu, fundi umeme. Siku alipoletwa nyumbani kutambulishwa, mama alimuuliza, "Haya mwanangu, kwenu hasa ni wapi?" Akafikiri kidogo, akajibu, "Mama, nianzie wapi?" Tukacheka, tukidhani anatania. Kumbe hatanii. Baba yake alikuwa mjenzi wa barabara, na barabara ilipokwenda na wao walikwenda, na magodoro yao, na kuku wao kwenye kikapu. Alisoma shule hii nusu mwaka, ile mwaka mmoja, na kila alikofika yeye ndiye mgeni, yeye ndiye mwenye matamshi ya kuchekesha, yeye ndiye asiyejua choo kiko upande gani. Ananiambia mpaka leo akisikia mtu anasema "jitambulishe", anarudi nyuma ya mtu.

Wengine wangetoka huko na kinyongo. Yeye alitoka na maswali. Mkikaa naye jikoni atakuuliza hilo sufuria lilitoka kwa nani, na huyo aliyekupa alilipata wapi, mpaka chai ichemke imwagike. Kaka yangu hucheka anasema hakuoa mke, kaoa mpelelezi.

Alifundisha shule ya msingi miaka mingi, kisha akapata nafasi hapa kwetu, idara ya elimu. Na ninyi hamjui ziara za wanafunzi zilikuwaje kabla yake. Jamani! Watoto walipangwa mstari mmoja, mikono nyuma kama wafungwa, wakapitishwa kabati hadi kabati, na mwongozaji akisoma vibandiko kwa sauti ya usingizi. "Hiki ni chungu. Hiki ni kigoda. Usiguse. Nimesema usiguse!" Wakipita dirishani kwangu kurudi nyumbani nilikuwa nawauliza mmeona nini, wananiambia wameona paka.

Wifi alivumilia wiki chache, akafunga kibwebwe. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na chumba cha kutupia viti vibovu. Akakiomba. Mkurugenzi akampa, nadhani ili apumzike na maneno yake. Akakipiga deki mwenyewe, magoti chini, kaka akaja kufunga taa baada ya kusumbuliwa vya kutosha, nami nikatoa kitambaa cha meza kilichokuwa kinanisubiri nipate wageni wa maana. Mlangoni akaandika kwa rangi: Chumba cha Waliokuja.

Utaratibu wake ni huu. Kabla darasa halijaja, kila mwanafunzi anaambiwa atafute nyumbani kwao kitu kimoja ambacho hakikuanzia hapa, kilikuja na mtu kutoka kwingine. Anakiweka mezani, na wifi anauliza: Kilitoka wapi? Kilikuja na nani? Njiani kiliona nini? Basi. Hahutubii. Mtoto mmoja alileta ufunguo wa nyumba ambayo haipo tena. Mwingine alikuja mikono mitupu, akasema yeye kaleta namna bibi yake anavyohesabu, akahesabu mpaka kumi kwa lugha ambayo hakuna mwenzake aliyeijua, na darasa zima likamfuatisha kwa kelele mpaka nikaja kuchungulia kuna nini. Wakitoka hapo ndipo wanapelekwa kwenye makabati, na sasa wanajua la kuuliza. Wanakiuliza chungu maswali yaleyale. Wanabishana! Wanaondoka wakijua kwamba mji huu wote umeletwa kipande kipande na watu waliobeba vitu kichwani. Wanafunzi ndio waliompa jina la Mama Maswali, na mimi nikalipokea kwa mikono miwili.

Na alikuwa na ahadi moja anayoitoa kila mara, kabla mtoto yeyote hajafungua mfuko wake. "Kila kinachoingia chumba hiki kinatoka na mwenyewe." Watoto wa watu waliohamahama wanajua sana kupoteza vitu, aliniambia. Bila ahadi ile wasingeleta hata kijiko.

Sasa mjue na Bwana Namba. Huyo ni mtunza ghala wetu. Msimchukie, ni mtu mwema, na tena alinisaidia siku nilipofiwa. Lakini ana ugonjwa wa namba. Kitu chochote kikiwa hakina namba, hapati usingizi. Ana brashi nyembamba yenye unywele mmoja mmoja, ana wino mweupe, na anapaka vanishi juu yake ikauka iking'aa. Na kitu kikishapewa namba, hakitoki tena makumbusho ila kwa uamuzi wa bodi. Sheria hiyo si ya ujinga. Zamani wageni wakubwa walikuwa wanakuja, wanapenda kitu, wanaondoka nacho kwenye buti la gari. Bwana Namba ndiye aliyekomesha mchezo ule, na anatembea kifua mbele kwa ajili hiyo.

Basi likaja darasa moja la shule ya jirani. Kila darasa lina mtoto asiyezimika, na wa darasa lile aliitwa Redio. Alipita dirishani kwangu akinipa taarifa ya habari ambayo sikuiomba. Nyuma kabisa alikuja msichana mwembamba, kakumbatia mfuko kwa mikono yote miwili kama kabeba mtoto. Nikamuuliza una nini humo mama, akaniamkia, "Shikamoo," akapita.

Alikuwa na pasi ya mkaa. Niliiona baadaye kwa macho yangu: pasi nzito ya zamani, kifungio chake kina umbo la jogoo, mpini wa mbao umelika upande mmoja kwa kushikwa. Zamu yake ilipofika akaiweka mezani, na wifi akamuuliza kwa upole, "Hii ilikuja na nani?" Msichana akafungua mdomo. Hapo Redio akanong'ona, ule mnong'ono wake unaosikika mpaka uwanjani, "Si nilisema! Wa kuja hao." Watoto wakacheka.

Msichana akaitazama ile pasi. Akasema, "Si yetu. Nimeiokota." Akatoka mbio.

Wifi alimfuata mpaka kwenye basi, akamkuta kajikunja kiti cha nyuma, hataki kushuka. Dereva naye anapiga honi, wamechelewa. Wifi akarudi kumalizana na wengine, akajiambia pasi ataipeleka mwenyewe shuleni baada ya mapumziko ya mwisho wa wiki. Aliiacha pale mezani. Ni chumba chake, nani angegusa?

Bwana Namba angegusa. Alikuja Jumamosi, kwa sababu yeye nyumbani kunamchosha, akaona pasi nzuri ya kale haina namba. Akamuuliza mwongozaji wa zamu, naye akamwambia alichosikia: mwenyewe kasema si yake, kaiokota. Loo! Mtu yule alifurahi kama kapata mtoto. Akaisugua masizi yote, akaupaka mpini mafuta, akaandika namba kwenye kisigino cha pasi na kuipaka vanishi, akaiweka kwenye kabati la kioo. Na kibandiko: "Pasi ya mkaa ya wahamiaji. Mwenyewe: hajulikani."

Jumatatu wifi aliposimama mbele ya kabati lile, sijawahi kumwona vile. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alikuja dirishani kwangu akasema, "Wifi, nimesema uongo. Nimewaambia watoto uongo."

Nikamwambia asilie, tutaitoa sasa hivi, mimi nitamshika Bwana Namba wewe uchukue ufunguo. Nilikuwa nasema kweli. Akanikatalia. Akaenda kwa Mkurugenzi kwa njia iliyonyooka, na Mkurugenzi akamjibu kwamba sheria ni sheria, bodi itakaa mwisho wa muhula, na kwa nini tunahangaika na pasi ambayo mtoto mwenyewe kaikana?

Mtoto mwenyewe! Mwalimu wake wa darasa akapiga simu siku zile zile: yule msichana haji tena shule. Tukafunga kazi jioni, mimi na wifi, tukaenda kumtafuta. Tukamkuta kwenye kibanda cha dobi nyuma ya soko, mashati ya watu yametundikwa mpaka darini, na bibi mmoja mfupi, mkavu, mikono yenye mishipa, ananyoosha suruali kwa pasi ya kuazima. Msichana alipotuona akarudi nyuma ya mashati.

Bibi hakujua lolote. Mjukuu wake aliichukua pasi bila kusema, kisha hakuthubutu kueleza ilikopotelea, na bibi alikuwa anaamini ameibiwa. Wifi akamweleza yote mwanzo mpaka mwisho, hakujitetea. Bibi akaweka pasi ya watu kando.

"Yaani pasi yangu," akasema, "mnayo ninyi. Mmeifungia kwenye kioo."

"Ndiyo, mama."

"Wameandika ni ya nani?"

Hapo ningekuwa mimi ningedanganya kidogo, Mungu anisamehe. Yeye akasema, "Wameandika mwenyewe hajulikani."

Bibi akacheka, kicheko ambacho sikukipenda. "Hajulikani! Kila anayevaa shati lililonyooka mtaa huu ananijua mimi." Kisha akageukia mashati, akasema bila kumtazama mtu, "Na wewe uliyejificha huko, ulisema nini ulipoulizwa?"

Mashati hayakujibu. Bibi akasubiri. Nikaona hasira yote ikamtoka usoni ikabaki huzuni tupu. Pasi ilimuuma, sikatai, ndiyo mkono wake wa kulia. Lakini kilichomchoma ni kwamba mjukuu wake mwenyewe aliionea aibu.

Wifi akaapa mbele yake kwamba pasi itarudi. Nilimfinya asiape, nikachelewa.

Mkurugenzi siku ya pili akaja na akili yake. Wataiazimisha pasi kwa bibi, ikibaki mali ya makumbusho, kwa muda wowote apendao, atie sahihi tu. Wifi akaliona ni jambo, angalau kibanda kifanye kazi. Bibi akaja mwenyewe makumbusho kusikia. Na mimi pale dirishani, kwa mazoea ya kazi, nikamuuliza kama ninavyomuuliza kila mtu kwa sababu tiketi ni za aina mbili: "Mama, mwenyeji au mgeni?"

Akanitazama. "Mwanangu," akasema, "nilipofika hapa nikiwa kijana nilikuwa mgeni. Nimezika mume hapa. Hebu wewe uliye na tiketi niambie, nimekuwa nani?"

Nilifungua geti, nikamwambia pita mama, na tangu siku ile kila nikiuliza swali lile naliuliza kwa sauti ya chini.

Aliposikia habari ya kuazimishwa, alisimama pale ofisini, wifi ananihadithia, akasema, "Mimi niazime pasi yangu? Baba, wewe mke wako unamwazima kwa nani?" Akatoka. Mkurugenzi alibaki kashika kalamu. Mimi nilicheka mpaka nikakosa mbavu, lakini usiku wifi hakula. Maana Mkurugenzi alikuwa kamwita pembeni akamwambia wazi: akiendelea kulikoroga, chumba chake kitafungwa, watoto warudi kwenye mstari, na yeye mwenyewe atamwaga unga. Kaka yangu akamwambia, "Mke wangu, waachie." Akamjibu, "Yule mtoto alinyamaza akidhani kila mtu atamcheka. Nikiacha, itakuwa alidhani kweli." Kaka akaenda kumchemshia chai. Ndiyo maana nampenda kaka yangu.

Siku ya bodi ilipofika, wifi alikuwa kapanga ziara. Ndiyo! Darasa lile lile, saa ile ile ya kikao. Mwalimu wao alikuwa kaenda kibandani kumbembeleza yule msichana, naye akaja, amening'inia nyuma, kashika upindo wa nguo ya bibi yake. Redio akatangulia kama kawaida. Wanafunzi wakakaa kwenye ngazi za uwanja wa ndani, na wajumbe wa bodi chumba cha mikutano, madirisha wazi kwa sababu ya joto. Nilifunga dirisha la tiketi, nikaandika "Narudi sasa hivi", nikaenda kusimama mlangoni. Anifukuze anayetaka.

Pasi iliwekwa mezani mbele ya Mwenyekiti. Huyo ni mzee mstaafu, mtu wa suti, lakini siku ile suti yenyewe ilikuwa imekunjamana mgongoni kwa safari. Mkurugenzi akasema maneno mazuri. Tukianza kurudisha, akasema, kesho watu watapanga foleni hapa kudai vyao.

Wifi akasimama. "Waje," akasema. "Kama kuna mtu mji huu ana chake humu ndani na anakihitaji kwa kazi yake ya leo, kwa nini tumfiche? Sheria yetu wenyewe inasema tunahifadhi vitu vilivyoacha kutumika. Pasi hii ilikuwa na moto ndani yake usiku wa kuamkia siku ilipoletwa hapa. Mimi nawafundisha watoto kwamba watu walikuja na vitu vyao. Sitaki wajifunze kwangu kwamba walipofika tuliwanyang'anya."

Wee! Nilitaka kupiga vigelegele, nikajiziba mdomo.

Mwenyekiti akaigeuzageuza pasi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kutaka kuona. "Na tutajuaje kama bado inafanya kazi?"

Wifi akamtazama bibi, aliyekuwa kakaa kwenye kiti karibu na mlango.

"Vua koti," bibi akasema.

"Samahani?"

"Koti, baba. Mtu mzima huwezi kutembea na mgongo kama huo."

Mwenyekiti akavua. Jamani, akavua! Wakatoka wote uwanjani, kwa sababu Bwana Namba alikuwa ameshasikia neno mkaa na uso umemwiva kwa hofu, anakimbia na ndoo ya mchanga huku na ndoo ya maji kule. Bibi alikuwa kaja na mkaa wake kwenye kopo, kumbe yeye na wifi walikuwa wameshapatana. Akafungua jogoo, akapanga mkaa, akawasha, akaipepea, kisha akaishika pasi kwa mpini na kuibembeza mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka mkaa ukawa mwekundu na cheche zikaruka. Watoto wakasogea. Akalowesha kidole, akagusa chini yake, ikasema "tss". Wakaguna wote pamoja.

Akatandika koti juu ya meza na blanketi chini yake, akanyunyiza maji kwa vidole, akaanza. Sijui niwaelezeje. Nimevaa nguo zilizopigwa pasi maisha yangu yote na sikuwahi kuangalia mtu akipiga pasi. Mkono wake ulijua uendako. Kola, bega, mkono, mgongo, hakurudia mahali, hakuunguza mahali. Uwanja mzima ulinuka mkaa na sufu yenye unyevu. Bwana Namba alikuwa ameinama na ndoo yake, macho kwenye kisigino cha pasi, na ghafla akatoa sauti ya mtu aliyekanyagwa.

Vanishi ilikuwa inatokota. Ikavimba mapovu, ikawa kahawia, ikaanza kuambuka, na wino mweupe ukaondoka nayo. Bibi alipoisimamisha pasi, kisigino kilikuwa cheusi kitupu.

Mpaka leo namuuliza wifi, ulijua? Ananiambia, "Wifi, mimi ni mwalimu wa historia, najua nini mambo ya vanishi?" Na anacheka. Mimi nina imani yangu.

Mwenyekiti akavaa koti lake, akajinyoosha, akawa kama kapunguza umri. Akainama kutazama pasi. "Bwana mtunza ghala, namba yake ngapi?"

Maskini Bwana Namba. Angeweza kuitaja, anazo zote kichwani. Nikamwona anamtazama bibi, anamtazama yule msichana. Kisha akaweka ndoo chini. "Haina namba, mheshimiwa."

"Kisicho na namba?"

"Si chetu, mheshimiwa."

Mkurugenzi akafungua mdomo, akaona wajumbe wote wanatabasamu, akaufunga. "Vizuri," Mwenyekiti akasema. "Si yetu. Basi ni ya nani?"

Kila mtu akamgeukia bibi, na bibi akafumba mdomo wake. Aliufumba kabisa, mikono kifuani, macho kwa mjukuu. Wifi naye kimya. Niliona anauma midomo, maana swali lile lile ndilo lililomkimbiza yule mtoto, na wenzake wale wale wamekaa mbele yake, na Redio yuko mstari wa mbele. Bibi alikuwa anataka pasi yake kuliko kitu chochote duniani, na bado hakusema ni yangu. Aliiacha pale mezani inapoa.

Msichana akaachia nguo ya bibi yake. Akaja mpaka mezani. Sauti ilikuwa ndogo, lakini uwanja ulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia mkaa ukialika.

"Ni ya kwetu," akasema. "Sisi ni wa kuja. Babu alikuja nayo."

Moyo ulinipasuka kwa furaha, sitaki kuficha. Wifi yangu machozi yalikuwa yanamshuka wazi wazi mbele ya bodi nzima, wala hakuyafuta.

Kisha Redio akanyoosha mkono. Nikasema sasa yameharibika, nikaanza kushuka ngazi nikamzibe mdomo. Lakini hakuwa na uso wa kucheka. Alikuwa na uso wa mtoto anayetaka kujua mpaka anaumwa.

"Mlitoka mbali?" akauliza. "Hii nzito hivi, mliibebaje?"

Msichana akamtazama, akipima kama ni mzaha. Hakuona mzaha. "Kwa miguu," akasema. "Babu alibeba pasi, bibi akambeba mama yangu. Vingine vyote waliviacha."

Redio hakusema kitu. Mara ya kwanza na ya mwisho niliyomsikia hasemi kitu. Kisha akasogea kwenye ngazi, akapangusa vumbi kwa mkono pale alipopaacha, akamwambia, "Njoo ukae hapa, utuambie."

Akaenda, akakaa, akaanza kusimulia.